Beki Asiyepata Kutolewa Uwanjani

Jioni uwanjani hapa Nyamwaga, kijana achezaye beki husifiwa kwa miguu ya wenzake aliyoiumiza. Refa akipuliza filimbi, refa ndiye alaumiwaye. Sisi hatukubali ya kuwa huo ndio ubeki, na shahidi wetu twamtoa mbali, nchi ya Italia, ijulikanayo sana kwa ukali wa mabeki wake. Gaetano Scirea alicheza kandanda ya malipo kwa miaka 16, asitolewe uwanjani hata mara moja.

Alizaliwa tarehe 25 Mei 1953 katika mji wa Cernusco sul Naviglio, karibu na Milan. Baba yake alikuwa mtu wa Sicily, kisiwa cha kusini, aliyehamia kaskazini kutafuta riziki, akapata kazi katika kiwanda cha matairi cha Pirelli. Klabu ya Atalanta ilimlea kijana huyo, ikamwingiza katika ligi kuu mwaka 1972. Mwaka 1974 alichukuliwa na Juventus ya Turin, klabu ya jamaa ya Agnelli, wenye viwanda vya magari ya Fiat. Mali ilikuwa ya matajiri, lakini miongoni mwa waliomshangilia walikuwamo wafanya kazi wengi wa kusini, watu wa asili moja na baba yake.

Kazi yake ilikuwa ya beki huru, asimamaye nyuma ya wenzake wote na kuziba kila ufa. Waitaliano walikuwa na mtindo wauitao catenaccio, maana yake komeo, na beki wa namna hiyo aliambiwa akae nyuma, aupige mpira mbali, basi. Scirea hakufanya hivyo. Aliusoma mchezo mapema, akaunyakua mpira kabla adui hajaufikia, kisha akapanda nao mbele. Ndiyo sababu hakuhitaji kuumiza mtu: mwenye kufika kwanza hana haja ya kukata miguu. Tarehe 11 Julai 1982 mjini Madrid, Italia ilipoishinda Ujerumani Magharibi 3 kwa 1 na kutwaa Kombe la Dunia, bao la pili lilianzia kwake. Yeye na Bergomi, mabeki wawili, walipasiana mpira ndani ya eneo la hatari la Wajerumani, kisha akampa Tardelli, aliyefunga.

Aliichezea nchi yake mara 78. Akiwa na Juventus alipata ubingwa wa Italia mara 7, na makombe yote makubwa ya klabu za Ulaya.

Kombe moja kati ya hayo halikuwa na furaha. Tarehe 29 Mei 1985, kabla ya fainali na Liverpool katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, washabiki wa Kiingereza waliwavamia wenzao, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa, wengi wao Waitaliano. Wakuu waliamua mechi ichezwe, wakiogopa ghasia zaidi. Scirea, nahodha wa Juventus, alipewa kipaza sauti awatulize watu. Twaona haikuwa haki kumtwika mchezaji mzigo huo, wala kucheza karibu na maiti. Hata hivyo aliwatuliza, akacheza, na Juventus ikashinda 1 kwa 0.

Aliacha kucheza mwaka 1988, akawa msaidizi wa kocha Dino Zoff, rafiki yake wa miaka mingi. Tarehe 3 Septemba 1989 alikuwa Poland, ametumwa kuitazama Górnik Zabrze, timu ambayo Juventus ingekutana nayo. Petroli ilikuwa adimu nchini humo, kwa hiyo gari lake lilichukua madebe ya akiba. Liligongana na lori, likawaka moto. Scirea alikufa akiwa na umri wa miaka 36, pamoja na dereva na mkalimani.

Mwezi huo huo Juventus iliifunga Górnik mara zote mbili. Mwezi Mei 1990, chini ya Zoff, ikalitwaa Kombe la UEFA.