Josh Gibson: Nyota wa besiboli aliyeingia kwenye makumbusho miaka 25 baada ya kifo chake

Katika mji mdogo wa Cooperstown, jimboni New York nchini Marekani, kuna jumba la makumbusho ya besiboli lililofunguliwa rasmi mwaka 1939. Kwenye kuta zake zimetundikwa sahani za shaba zenye sura za wachezaji bora wa mchezo huo. Moja ni ya Josh Gibson, na aliingizwa humo mwaka 1972, miaka 25 baada ya kufariki dunia. Kwa nini alicheleweshwa kiasi hicho? Tuyatazame maisha yake.

Gibson alizaliwa Desemba 21, 1911 huko Buena Vista, jimbo la Georgia. Baba yake alihamia Pittsburgh kufanya kazi katika kiwanda cha chuma, na baadaye familia ikamfuata. Mwaka 1930, akiwa na miaka 18, alijiunga na timu ya Homestead Grays. Mwaka huohuo mkewe, Helen, alifariki wakati wa kujifungua watoto mapacha. Watoto walinusurika, wakalelewa na wazazi wa Helen huku baba yao akizunguka na timu.

Gibson alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Lakini sifa zake zilitokana na nguvu za mikono yake: alipokuwa mpigaji, mara nyingi mpira ulivuka uzio na kupotelea nje ya uwanja.

Hata hivyo, wamiliki wa timu za ligi kuu walikuwa wamekubaliana tangu karne ya 19, bila kuandika kanuni yoyote, kutowasajili watu weusi. Wachezaji weusi walikuwa na ligi zao, wakisafiri usiku kucha kwa basi na kukataliwa katika hoteli nyingi. Gibson alicheza pia Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika na Mexico. Miaka ya 1940 timu yake ilikuwa ikipanga uwanja wa Griffith mjini Washington, uwanja uleule wa timu ya ligi kuu, Senators. Nyasi alizikanyaga, lakini jezi ya wenyeji hakuruhusiwa kuivaa.

Mwaka 1943 aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo, akakataa kufanyiwa upasuaji. Aliendelea kucheza huku afya ikidhoofika na pombe ikimwandama. Alifariki Januari 20, 1947, akiwa na miaka 35. Aprili 15 mwaka huohuo, Jackie Robinson aliingia uwanjani akiwa na Brooklyn Dodgers, na ukuta wa ubaguzi ukaanza kubomoka. Gibson aliukosa mwanzo huo kwa muda usiozidi miezi mitatu.

Kanuni za makumbusho zilimtaka mchezaji awe amecheza ligi kuu kwa miaka 10. Kwa hiyo waliofungiwa mlango wa ligi walifungiwa na wa makumbusho pia. Mwaka 1966 Ted Williams, nyota mzungu, alipokuwa akipokea heshima yake Cooperstown, aliwataja hadharani Gibson na Satchel Paige kuwa wanastahili kuwemo. Paige aliingizwa mwaka 1971, Gibson mwaka uliofuata. Wakati huo kaburi lake mjini Pittsburgh halikuwa na alama. Jiwe liliwekwa mwaka 1975.

Mwaka 2024 ligi kuu ya Marekani iliziingiza takwimu za ligi za watu weusi katika kumbukumbu zake. Wastani wa Gibson wa kupiga, 0.372, ukawa wa juu kuliko wote katika historia, ukimpita Ty Cobb aliyekuwa na 0.367.

Tunachojifunza ni kwamba makumbusho huhifadhi pia maamuzi ya wale wanaoshika funguo zake. Sahani ya Gibson inaeleza ubora wake, na tarehe yake inaeleza dhuluma aliyotendewa. Yote mawili ni historia ya besiboli.