THOMAS YOUNG, MUNGANGA ALIYEPIMA UGUMU WA VITU

Sisi wa kalasi ya sita tunaandika kila mara jina la Young katika daftari ya fizike, kisha tunaendelea na hesabu. Lakini mtu yule alikuwa nani?

Thomas Young alizaliwa tarehe 13 Juni 1773 huko Milverton, Uingereza, mtoto wa kwanza kati ya kumi, katika jamaa ya Wakristo wa Marafiki. Alipokuwa na miaka miwili alijua kusoma. Alisomea uganga, akapata cheo cha udaktari huko Göttingen mwaka 1796.

Mwaka 1801 alifanywa profesa wa Royal Institution kule London. Hapo ndipo shida ilianza. Alijua mengi, lakini maneno yake yalikuwa mazito, wasikilizaji hawakumfuata. Mwaka 1803 aliacha kazi ile. Je, alitupa makaratasi yake? Hapana. Aliyakusanya, akayatoa kuwa kitabu mwaka 1807. Ndani yake alieleza namna ya kupima vile kitu, kiwe chuma ao mbao, kinavyokataa kuvutwa na kupindwa. Hata hapo maelezo yalikuwa magumu. Navier wa Ufaransa aliyanyoosha mwaka 1826, tukapata kipimo kisichotegemea unene wa kitu.

Young alikufa London tarehe 10 Mei 1829. Hakuona matunda yote. Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa Toyota kule Japani walichanganya nailoni na udongo ulioachana vipande vyembamba sana: unene wa kimoja ni milimita moja ikigawanywa mara milioni. Kilo 4 hivi za udongo katika kilo 100 zilifanya kipimo cha Young kikaribie mara mbili! Na ukitaka kujua ugumu mbele ya kuchanganya, unatafuta kipimo cha nailoni, kipimo cha udongo, kiasi chake, na umbo lake. Kipande kipana na chembamba kinasaidia kuliko punje ya mviringo. Vipande vikibaki vimeshikamana, ugumu unakuwa chini ya ule uliohesabu.

Mimi mwenyewe nilieleza fizike mbele ya wadogo wa kalasi ya tatu, wakasinzia. Nilisikia haya, nikataka kuacha. Sasa nimeanza kuandika masomo yale upya, polepole. Na wewe uliyechekwa mbele ya ubao, usichome daftari yako.