Cameron, baharia aliyeupima mto wa Maniema akajua si Nile

Mwanzoni mwa Agosti 1874, msafara uliochoka uliingia Nyangwe, kituo cha wafanyabiashara wa pwani kwenye ukingo wa mto Lualaba, kaskazini-magharibi mwa ulipo mji wa Kasongo katika mkoa wa Maniema. Kiongozi wake alikuwa Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, aliyekuwa na umri wa miaka 30.

Mbele yake ulipita mto mpana ukielekea kaskazini. Swali lilikuwa moja: maji haya yote yanakwenda wapi?

Wakati huo wanajiografia wa Ulaya walikuwa wakibishana. Wapo walioamini kuwa Lualaba ni mwanzo wa mto Nile, na wapo waliosema ni Kongo. David Livingstone, aliyefika Nyangwe miaka mitatu kabla, aliegemea upande wa Nile, ingawa mashaka hayakumtoka. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu Lualaba inapopita Maniema huelekea kaskazini, na Nile iko kaskazini.

Cameron hakupata mtumbwi wa kuufuata mto huo. Alikuwa na vyombo vya kupimia tu, na ndivyo vilivyompa jibu.

Mtoto wa kasisi aliyekulia baharini

Cameron alizaliwa Julai 1, 1844 huko Radipole, karibu na Weymouth, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Mwaka 1857, akiwa na miaka 13, aliingia Jeshi la Wanamaji.

Mwaka 1868 alishiriki vita vya Uingereza dhidi ya Mfalme Tewodros wa Abyssinia. Baadaye alitumikia kwenye meli zilizokuwa zikiwasaka wafanyabiashara wa watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko aliona majahazi yaliyojaa mateka, akataka kujua biashara ile inaanzia wapi bara.

Jeshini alijifunza pia kazi ambayo ingebeba jina lake, yaani kujua chombo kiko wapi katikati ya maji, pasipo mlima wala mti wa kuonesha njia.

Msafara wa misiba

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimchagua kuongoza msafara wa kumpelekea Livingstone msaada. Waliondoka Bagamoyo Machi 1873. Mkuu wa wapagazi alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni na kuuzwa utumwani, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Bombay alikuwa ameshasafiri na Burton, Speke na Stanley, na hakuna Mzungu yeyote katika msafara ule aliyeijua bara kumzidi.

Misiba ilianza mapema. Robert Moffat, ndugu wa Livingstone, alikufa kwa homa mwezi Mei kabla ya kufika Tabora. Wenzake walipofika huko waliugua homa mfululizo, na Cameron aliugua macho hadi kuna siku hakuweza kuona.

Oktoba 1873, Chuma aliingia Tabora na habari kwamba Livingstone amefariki na mwili wake uko njiani. Cameron alishauri uzikwe palepale. Chuma na Susi walikataa, wakasisitiza kuufikisha pwani, na waliufikisha. Cameron alibaki na vyombo vya kupimia vya marehemu, jambo ambalo baadaye lililalamikiwa.

Daktari wa msafara, William Dillon, akiwa amezidiwa na homa, alijiua mwezi uliofuata. Ofisa mwingine, Murphy, alirudi pwani. Cameron aliamua kuendelea akiwa Mzungu pekee.

Februari 1874 alifika Ujiji, ambako alipata karatasi za Livingstone na kuzituma pwani. Kisha alizunguka sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi. Mei mwaka huo alifika mahali ambapo mto Lukuga unatoka ziwani kuelekea magharibi, njia ya maji ambayo wasomi wa Ulaya walikuwa wameitafuta bila kuipata.

Mtu hujuaje alipo?

Akitoka ziwani kuingia Maniema, Cameron alifanya kazi mbili kila siku. Mchana alihesabu mwendo: saa walizotembea, kasi ya hatua na upande ulioneshwa na dira. Hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa. Kosa dogo la leo huongezwa kwenye la kesho, na baada ya miezi ramani nzima imehama.

Kwa hiyo usiku alisahihisha. Kwa sekstanti, chombo cha mabaharia cha kupimia pembe, alipima nyota ziko juu kiasi gani, akapata umbali wake kutoka ikweta. Umbali wa mashariki na magharibi ulikuwa mgumu zaidi. Hapo alipima pembe baina ya mwezi na nyota, kwa kuwa mwezi husogea haraka angani kama mkono wa saa. Majedwali yaliyochapishwa Uingereza yalimwambia saa ya Greenwich inayolingana na pembe hiyo. Kila tofauti ya saa moja kati ya Greenwich na mahali alipo ni nyuzi 15 za longitudo.

Roboti za leo hutumia mbinu ya aina hiyohiyo. Mashine hukadiria ilipo kwa mizunguko ya magurudumu yake, na makosa hujilimbikiza. Kisha kamera yake hutambua alama zinazojulikana, kama kona ya ukuta au mlango, na programu husahihisha makadirio. Cameron alitumia jicho lake na nyota, na hesabu aliifanya kwa penseli kwenye mwanga wa taa, mara nyingine akiwa na homa.

Jibu la Nyangwe

Ili kujua kama Lualaba inaweza kuwa Nile, ilibidi kwanza ajue iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi gani. Kadiri mtu anavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takribani nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Kwa kipimajoto na sufuria, mpimaji hupata mwinuko.

Vipimo vya Cameron vilionesha kuwa Nyangwe iko kwenye mwinuko wa futi 1,400 hivi, sawa na mita 430. Kwa vipimo vya wakati huo, Gondokoro, kituo kilichoko kwenye Nile karibu na ulipo mji wa Juba leo, kilikuwa juu zaidi. Kwa hiyo Lualaba ingelazimika kupanda ili ifike Gondokoro, na maji hayapandi mlima.

Lakini kipimo cha maji yanayochemka kinaweza kukosea kwa makumi ya mita, na tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Cameron hakuridhika na ushahidi mmoja. Alikadiria upana, kina na kasi ya mto, akapata wingi wa maji. Kwa hesabu yake, katika kiangazi Lualaba ilibeba zaidi ya mara tano ya maji ya Nile pale Gondokoro. Kijito cha juu hakiwezi kuwa na maji mengi kuliko mto kinaodaiwa kuulisha.

Vipimo hivyo viwili, kila kimoja kikiwa na mashaka yake, vilikubaliana. Mto mmoja tu upande wa magharibi ulikuwa mkubwa kiasi cha kumeza maji hayo, nao ni Kongo.

Mitumbwi iliyokosekana

Kilichobaki kilikuwa kupanda mitumbwi na kuthibitisha. Wafanyabiashara wa Nyangwe hawakumsaidia, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kuwaamini wageni. Mahali hapohapo, Julai 15, 1871, watu wa misafara walikuwa wamefyatua risasi sokoni na kuua mamia ya watu, wengi wao wanawake. Livingstone aliyashuhudia mauaji hayo, akaondoka kurudi Ujiji bila kuufuata mto.

Ndipo alipofika Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, ambaye baadaye aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu Maniema. Alimchukua Cameron hadi kambini kwake upande wa mto Lomami. Huko nako watemi walikataa kuruhusu wageni wenye bunduki kupita. Cameron aliamua kutolazimisha njia kwa vita.

Aligeukia kusini hadi Urua, nchi ya mfalme wa Waluba, Kasongo Kalombo, ambaye hahusiani na mji wa Kasongo. Alikwama huko kwa miezi mingi, na mwishowe akalazimika kufuatana na msafara wa Alvez, mfanyabiashara aliyekuja kutoka upande wa Angola. Ofisa aliyetumwa zamani kukamata majahazi ya watumwa alijikuta akitembea kando ya wanawake na watoto waliofungwa kamba, asiweze kuwafungua.

Novemba 1875 alifika pwani ya Atlantiki karibu na Benguela, akiwa mgonjwa wa kiseyeye na nusura afe. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya kati kutoka mashariki hadi magharibi. Bombay na wapagazi waliosalia, waliotembea njia ileile, walirudishwa Zanzibar kwa meli.

Sifa kwa mwingine

Cameron alipokewa kwa heshima Uingereza, akapandishwa cheo na kupewa nishani ya dhahabu ya Jumuiya ya Jiografia. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1877.

Mwaka huohuo sifa ilihamia kwa mwingine. Novemba 1876 Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe akiwa na bunduki nyingi, akisindikizwa na Tippu Tip kwa malipo, akaufuata mto kwa mapigano mengi hadi Boma. Alifika Agosti 1877. Lualaba ilikuwa Kongo, kama Cameron alivyosema.

Vipimo vyake vilitumika pia kwa mambo mengine. Septemba 1876 alialikwa Brussels kwenye mkutano wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, uliojitambulisha kuwa wa sayansi na wa kupinga utumwa. Ramani za akina Cameron na Stanley zilimwonesha Leopold njia ya kuingia. Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, lililokuwa mali ya mfalme huyo, yaliteka Kasongo. Watu wa Maniema walitoka kwenye mikono ya wafanyabiashara wa watumwa na pembe, wakaingia kwenye mikono ya mtawala wa mpira.

Cameron alifariki Machi 1894, akiwa na miaka 49, baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi karibu na Leighton Buzzard, Uingereza. Mto aliosimama kando yake Nyangwe akiwa na kipimajoto na penseli bado unapita Maniema kuelekea Kindu na Kisangani, kisha unakata kona magharibi na kwenda baharini, kama hesabu zake zilivyomwonesha.