Adriano Atiman, Mganga wa Karema

Msafiri anayeteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa kuelekea magharibi huiacha baridi ya Sumbawanga na mashamba yake ya mahindi na ulezi, akaingia katika joto la Ziwa Tanganyika. Akiufuata mwambao kwenda kaskazini, kupita Kirando, hufika Karema. Mahali hapo leo pamo katika Mkoa wa Katavi na katika Jimbo la Mpanda. Lakini imani ya Wafipa ilipanda mlima kutoka huko, na jimbo lililopewa jina la Sumbawanga mwaka 1969 lilikuwa likiitwa Karema. Hapo aliishi, akafanya kazi, akazeeka mtu ambaye familia zetu zingefaa kumjua kuliko zinavyomjua: mganga na katekista Adriano Atiman.

Hakuwa mwenyeji. Alizaliwa mnamo mwaka 1866 kando ya Mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, mbali kabisa na ziwa letu. Angali mtoto alikamatwa na wateka watumwa, akatolewa mikononi mwa wazazi wake, akavushwa Jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadre Weupe, ambao leo tunawaita Wamisionari wa Afrika, walimkomboa kwa fedha mwaka 1876. Tuseme neno hilo kama lilivyo: mtoto wa miaka kumi hivi alinunuliwa. Tofauti ni kwamba mnunuzi huyu wa mwisho alinunua ili amwachie huru.

Mwanzilishi wa mapadre hao, Askofu Mkuu Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, alikuwa na mawazo yaliyowashangaza wengi wa zama zake. Wamisionari wa Ulaya walikuwa wakifa upesi kwa homa, tena walibaki wageni hata walipojifunza lugha. Basi akataka Waafrika wafundishwe uganga wa kisasa, warudi barani kuwatibu Waafrika wenzao, nao waishi kama watu wanaowahudumia, kwa mavazi, kwa chakula na kwa nyumba, wala wasigeuzwe Wazungu weusi. Kwa shabaha hiyo alifungua nyumba ya mafunzo katika kisiwa cha Malta, na Atiman alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa huko.

Mwaka 1888 masomo yalikwisha, akapangwa katika msafara wa kwenda Ziwa Tanganyika. Mwaka huohuo Papa Leo wa 13 aliwaandikia maaskofu wa Brazil juu ya kufutwa kwa utumwa, naye Lavigerie alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watu. Mwaka huohuo pia vita vya Abushiri viliwaka katika pwani yetu. Atiman alifika Karema mwaka 1889. Mapadre walikuwa wamekabidhiwa ngome ya hapo mwaka 1885 na Wabelgiji walioijenga, na kuta zake zilikuwa na kazi bado, maana kandokando ya ziwa watu walikuwa wakiwindwa na kuuzwa. Kijana huyu, baada ya kuvuka bahari na kutembea majuma mengi kwa miguu, alikutana tena na yaleyale yaliyompata utotoni. Watoto waliokombolewa na misheni walikuja mbele yake wakiwa na majeraha aliyoyafahamu bila kuuliza.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wa maisha yake wanapochoka. Jangwa wanalieleza kwa kirefu, na Malta, na msafara. Kisha miaka ya Karema wanaipitisha katika kurasa chache. Siwalaumu sana. Jangwani kuna matukio, na Karema kulikuwa na foleni ya wagonjwa. Lakini hesabu ya miaka yenyewe inatuambia mahali pa kutazama. Utumwani na masomoni, pamoja na utoto wake wote, hakupita miaka 23. Karema alikaa miaka 67.

Katika miaka hiyo bendera zilibadilika juu ya kichwa chake. Wajerumani walitawala, Wabelgiji wakaingia kwa mwambao wa ziwa mwaka 1916 katika Vita Kuu, kisha Waingereza wakaipokea nchi. Ndui ilikuja, malale yalikuja na kuvifukuza vijiji kutoka kando ya maji. Kila asubuhi kulikuwa na vidonda vya kuosha, mifupa ya kuunga, watoto wenye homa, na wakati mwingine kiungo cha kukatwa kwa vyombo ambavyo mganga wa leo asingekubali kuvishika. Dawa za Ulaya zilichelewa au hazikufika. Atiman hakuidharau mitishamba ya wenyeji kwa sababu tu hakuikuta katika vitabu vya Malta. Aliijifunza, akaunganisha elimu hizo mbili. Nathubutu kusema kwamba unyenyekevu wa namna hiyo ni mgumu kwa msomi kuliko kufunga siku arobaini.

Na baada ya dawa, alikuwa katekista. Mkono ulioosha kidonda ndio uliofundisha ishara ya msalaba. Alifunga ndoa na mwanamke wa nchi ile, na mwanawe Yosefu akawa padre. Mtoto wa mtu aliyewahi kupangwa sokoni pamoja na ngamia na chumvi alisimama altareni.

Watu husema kwamba Atiman alikuwa akilipa deni la kukombolewa kwake. Maneno hayo yana nia njema, lakini naona yanamkosea. Deni hulipwa likaisha. Mtu angeweza kuhesabu miaka mitano, au kumi, akasema kwamba fedha imerudi, akaenda zake. Na elimu yake ingempatia kazi na heshima katika mji wowote wa pwani. Hakuwa na ukoo Karema uliomshika. Lugha ya pale alijifunza ukubwani. Uchungu angeuona kuwa haki yake, na hakuna ambaye angemshangaa. Yeye alibaki, na kubaki kwake kulikuwa hiari ya mtu huru. Pengine ndiyo hiari kubwa ya kwanza aliyopewa maishani.

Nalitaja hili kwa sababu ya mazungumzo ninayoyasikia mara kwa mara katika nyumba za Wakristo wetu. Binti amehitimu uuguzi, au kijana amepata ualimu, akapangiwa kituo kando ya ziwa au huko bondeni Rukwa. Barua ya kuomba uhamisho huandikwa kabla sanduku halijafunguliwa, na mara nyingine wazazi ndio wanaotafuta mtu wa kuipeleka. Sababu zao si za uongo. Nyumba hazitoshi, barabara hukatika masika, mwenzi wa ndoa anafanya kazi mji mwingine. Mwenye kuwahukumu na akae huko kwanza mwaka mmoja. Lakini mgonjwa wa kijiji kile, aliyewaona waganga wanne katika miaka mitatu, naye ana malalamiko yake, wala hana mtu wa kumwandikia barua. Atiman aliwatibu watoto, kisha watoto wa watoto hao, na aliijua historia ya mwili wa kila ukoo. Elimu hiyo haifundishwi Malta wala Dar es Salaam. Huipata anayekaa.

Uzeeni nishani zilimfikia, na mwaka 1946 kumbukumbu alizoziandika mwenyewe juu ya maisha yake zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Bado miaka kumi ilikuwa mbele yake. Alifariki Karema mwaka 1956, mwenye umri wa miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Kwao, kwenye Mto Niger, hakurudi kukaa tena. Na waliomlilia ni watu ambao babu zao walimwona akifika.