Romain Gary, macho ya piloti asiyeona

Wasomaji wetu wengi wanajua Romain Gary kama mwandishi. Ni yeye peke yake aliyepata zawadi ya Goncourt mara mbili: mwaka wa 1956 kwa jina lake, na mwaka wa 1975 akiwa amejificha nyuma ya jina Émile Ajar. Lakini mbele ya kujulikana kwa vitabu, alikuwa mtu wa ndege za bomu. Ile kazi njo tunataka kuzungumzia leo, juu sehemu yake moja ilipita karibu na kwetu.

Alizaliwa mwaka wa 1914 ku Vilnius, muji uliokuwa wakati ule chini ya Urusi, na ambao leo ni muji mkubwa wa Lituania. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na jina walilomupa ni Roman Kacew. Mama yake, Mina, alimulea karibu peke yake, katika shida mingi. Mwaka wa 1928 akamuleta Nice, ku Ufaransa. Yule mama alikuwa na neno moja tu mu kichwa: mtoto wake atakuwa Mfransa, tena Mfransa mkubwa.

Mwaka wa 1935 kijana akapata uraia. Mwaka wa 1938 akaingia jeshi la anga, akafundishwa kazi ya kumuonyesha piloti njia na kulenga bomu. Masomo ilipoisha, wenzake karibu 300 wakapewa cheo cha ofisa. Yeye akanyimwa. Uraia wake ulikuwa bado mupya, na wakubwa waliona hiyo ni sababu ya kutosha. Fikirini mama aliyekuwa anangojea ile habari kule Nice!

Mwezi wa 6 mwaka wa 1940, Ufaransa ikashindwa na Wajerumani. Maofisa wengi waliopewa cheo bila shida walitii amri ya kuweka silaha chini. Yule aliyenyimwa cheo akakataa. Alitoroka kwa ndege mpaka Algeria, akafika Maroko, kiisha akapanda mashua ya Waingereza ku Casablanca mpaka Glasgow. Kule njo akajiunga na watu wa Jenerali de Gaulle. Walikuwa wachache sana.

De Gaulle alikuwa na watu Uingereza, lakini udongo wa kusimamia alipewa na Afrika. Mwezi wa 8 mwaka ule, Félix Éboué, guverneri wa Tchad, alikubali kumufuata, na Brazzaville, ng'ambo ya mto mbele ya Kinshasa yetu, ikakuwa muji mkubwa wa Ufaransa iliyo huru. Gary akatumwa huku. Alikaa Bangui na Fort-Lamy, ile tunayoita leo N'Djamena. Alikuwa mu vita ya Koufra, mu jangwa la Libya, mwanzo wa 1941, kiisha Abisinia. Tusisahau kama mwaka ule ule, askari wa Force Publique yetu nao walikuwa Abisinia, wakapigana na Waitalia mpaka Saio. Kutoka pale Gary akaenda Syria. Homa ya tumbo ikamushika, karibu imuue. Wakati ule njo kikosi chake kilipewa jina la Lorraine.

Mwaka wa 1943 Lorraine ikahamia Uingereza, ikapewa ndege za Boston zenye mota mbili. Mu Boston piloti anakaa peke yake, mwenye kuonyesha njia anakaa mbele ku pua ya vioo, mwenye bunduki anakaa nyuma. Hawawezi kubadilishana nafasi, wanasikilizana tu kwa waya. Kama piloti anaumia, hakuna wa kumusaidia usukani.

Na kazi yenyewe ilikuwa nzito kwa roho. Wale Wafransa walipaswa kutupa bomu juu ya Ufaransa, ku viwanda na nafasi zilizoshikwa na Wajerumani, kandokando ya nyumba za ndugu zao. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka wa 1943 walipiga kiwanda cha umeme ku Chevilly-Larue, karibu na Paris. Boston moja ilipigwa, ikaangukia mto Seine, watu wanne wote wakakufa. Wanasimulia kama piloti aliuchagua mto ili asiangukie nyumba za watu.

Tarehe 25 mwezi wa 1 mwaka wa 1944, zamu ikawa ya Gary. Alikuwa mu ndege iliyoongoza zingine, sita kwa jumla. Piloti wake aliitwa Arnaud Langer. Wakati walikaribia nafasi ya kupiga, Wajerumani wakawarushia moto. Gary akaumia ku tumbo. Vipande vikaingia mu macho ya Langer, na piloti hakuona tena kitu.

Gary, damu inamutoka, akaanza kusema ndani ya waya: kidogo kuume, kidogo kushoto, simama hapo hapo. Akamupeleka vile mpaka wakafika, akaachilia bomu, kiisha akaongoza ndege ile na kundi lake kuvuka bahari mpaka Uingereza. Yeye mwenyewe aliandika kama wangeweza kuruka na parashuti, lakini Langer hakuweza kutoka mu nafasi yake, na wenzake hawakukubali kumuacha. Walitua salama. Langer akapona, akaona tena.

Mwezi wa 11 mwaka ule, de Gaulle akamufanya Gary kuwa Compagnon de la Libération. Mu vita yote ni watu 1 038 tu waliopewa ile heshima. Lorraine yenyewe ikapewa pia, mu hesabu ya vikosi 18. Jeshi lililomunyima cheo juu ya uraia wake mupya, sasa lilimuweka mu mustari wa kwanza wa Wafransa.

Mama hakuona. Kanseri ilishamuua ku Nice, mwanzo wa 1941, wakati mtoto alikuwa Afrika. Mu kitabu La Promesse de l'aube, cha 1960, Gary alisimulia kama mama aliandika barua mingi mbele ya kufa, zikatumwa moja moja ili mtoto asijue. Waliochunguza maisha yake wanasema hiyo alitunga. Sisi hatumuhukumu: kuna habari mtu hawezi kuibeba bila kuivalisha nguo.

Afrika nayo haikumutoka. Les Racines du ciel, kitabu cha Goncourt ya kwanza, kinasimulia mtu anayetetea tembo wa Tchad wakati wengine wanawaua kwa ajili ya pembe. Kwetu, ambako tembo wa Garamba walipungua sana, kitabu kile hakijazeeka. Gary alikufa Paris tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka wa 1980, majivu yake yakatupwa mu bahari, upande wa Menton, si mbali na Nice ya mama yake.