Mama Aliyechana Daftari

Mwaka jana, nikiwa TP kwenye shule moja ya Handeni, nilimpigisha magoti mwanafunzi wa kidato cha kwanza kwa kosa la kuchana daftari. Alikuwa amekunja karatasi mbili kama kifuko cha karanga, anachujia maji ya lambo yaliyojaa tope. Sisi tunaosomea ualimu tunajua daftari ni la kuandikia. Nikaona utundu tu, basi.

Wikiendi hiyo nikaenda Korogwe kwa mama mdogo. Yeye anapenda kahawa ya Lushoto, ila hataki ile inayochemka birikani mpaka iwe kama dawa. Ana chombo mfano wa kikombe chenye tundu chini. Anatandika karatasi ya chujio, anaweka vijiko viwili vya kahawa iliyosagwa, anamwagia maji ya moto kidogo, anasubiri nusu dakika kahawa ivimbe, ndipo anamimina taratibu huku anazungusha mkono. Kwenye pakiti ya zile karatasi limeandikwa Melitta. Siku zote nilidhani ni jina la kampuni tu, mpaka usiku ule nilipokaa na simu kumtafuta.

Kumbe alikuwa mama wa nyumbani. Melitta Bentz alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1873. Kilichomuudhi ni kahawa ya asubuhi: chungu, na mashapo yanabaki kwenye meno. Vitambaa vya kuchujia vilikuwepo, lakini nani afue kila siku? Mwaka 1908 akachukua kopo la shaba, akalitoboa kwa msumari, halafu akachomoa karatasi ya kunyonyea wino kwenye daftari la shule la mwanawe Willy, akaitandika juu ya matundu. Kahawa ikadondoka safi.

Hapo kwenye daftari nilirudia kusoma.

Juni mwaka huohuo ubunifu wake ulisajiliwa Berlin, na Desemba akaandikisha kampuni kwa mtaji wa senti 73 za Kijerumani. Sisi bumu likichelewa wiki moja tunasema biashara haiwezekani. Mume wake Hugo na watoto wakawa ndio wafanyakazi wa kwanza, na kwenye maonesho ya Leipzig ya 1909 waliuza vichujio zaidi ya elfu moja.

Huku kwetu wakati huo tulikuwa chini ya Wajerumani haohao. Reli ya Tanga ilishafika Korogwe, na walowezi walishajaribu kahawa Usambara, udongo ukawaangusha, wengi wakageukia mkonge. Waliopalilia ile mibuni hakuna pakiti yenye majina yao.

Vita ya Kwanza nusura immalize. Chuma kikachukuliwa na jeshi, karatasi ikawa ya mgawo, Hugo akaitwa vitani. Mama akaishi kwa kuuza maboksi. Baadaye biashara ikasimama tena, na mwaka 1929 wakahamia Minden kupata nafasi kubwa zaidi. Mimi nampendea zaidi alivyowatendea wafanyakazi: aliwapa bonasi ya Krismasi, akaongeza likizo kutoka siku 6 hadi 15, akapunguza siku za kazi ziwe tano kwa wiki. Mwaka 1932 aliwaachia wanawe Willy na Horst usukani. Chini yao kampuni ilikuwa karibu na utawala wa Wanazi, na hilo siwezi kulipamba. Alifariki mwaka 1950.

Jumatatu nilirudi Handeni na karatasi sita alizonipa mama mdogo. Nikamwita yule kijana, nikamwomba radhi mbele ya wenzake walewale waliomwona amepiga magoti. Tukachuja maji ya lambo pamoja. Tope lilibaki juu, maji yakatoka na rangi bado, nikamkumbusha kwamba lazima yachemshwe. Aliniambia karatasi ya daftari huwa inapasuka ikishalowa, ndiyo maana aliweka mbili. Halafu akaishika ile ya chujio, akaigeuzageuza, akaniuliza kama inafulika.