Geoffrey Griffin na Karo ya Mtoto wa Maskini

Nilifundisha katika shule za msingi za Eastlands kwa miaka mingi, na kama walimu wenzangu nimehudhuria harambee za karo nisizoweza kuzihesabu. Moja haijanitoka akilini hadi leo. Ilifanyika mwanzoni mwa miaka ya tisini, Jumapili alasiri, katika ukumbi wa mtaa. Mvulana niliyekuwa nimemfundisha hesabu alikuwa ameitwa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya mbali, na mama yake, mjane aliyekuwa akiuza mboga, hakuwa na mbele wala nyuma. Wakubwa wa mtaa wakaitisha mchango. Mtoto akasimamishwa jukwaani katika sare mpya, na kwa muda wa saa mbili mfawidhi akawa anatangaza majina ya waliotoa shilingi ishirini na waliotoa hamsini, na kila baada ya majina machache akaukumbusha umati jinsi mvulana yule alivyokuwa fukara. Yeye alikuwa akivitazama viatu vyake tu. Zikapatikana pesa za mihula miwili. Muhula wa tatu alirudi mtaani na sanduku lake, na hapana aliyeitisha mkutano mwingine, maana harambee ya mtoto mmoja haifanywi mara mbili.

Ukumbi ule hauko mbali na Starehe Boys' Centre. Wakati huo mkurugenzi wake, Geoffrey William Griffin, alikuwa angali hai, naye alikuwa amekwisha kutumia zaidi ya miaka thelathini akitafuta karo za watoto maskini kwa namna iliyokuwa tofauti kabisa na yetu. Sasa amefariki yapata miongo miwili. Wanafunzi ninaokutana nao wanalijua jina lake, lakini kama wanavyoyajua majina ya barabara: wanalipita tu. Nataka niyasimulie maisha yake kwa upande huu mmoja wa karo, kwa kuwa naona ndio upande ambao sisi wengine tulijifunza kwa uchache zaidi.

Griffin alizaliwa Eldoret mwezi wa Juni 1933, mtoto wa afisa wa polisi Mwingereza. Alisoma Prince of Wales, shule ya wavulana wa Kizungu ambayo leo tunaiita Nairobi School. Alipotoka shuleni alifanya kazi katika idara ya upimaji wa ardhi, na vita vya Mau Mau vilipozuka akaingia katika jeshi la King's African Rifles. Hapa sitampaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Kijana huyu alivaa sare ya ukoloni, na hata alipoiweka bunduki chini alikwenda kufanya kazi katika kambi za ukoloni. Kambini Manyani walikuwamo vijana wadogo waliozuiliwa pamoja na watu wazima. Vijana hao walitengwa wakapelekwa Wamumu, huko Mwea, na Griffin alikuwa mmoja wa waliowasimamia. Walifundishwa kusoma na kazi za mikono. Wako wanaoikumbuka Wamumu kama shule, na wako wanaoikumbuka kama jela iliyotiwa ubao wa kuandikia. Mimi nadhani ilikuwa vyote viwili, na kwamba Griffin mwenyewe aliondoka pale akiwa na deni moyoni.

Ili kuelewa kilichofuata, msomaji na airudie Nairobi ya Aprili 1954. Serikali ya kikoloni iliuzingira mji katika msako ulioitwa Anvil. Bahati, Pumwani na mitaa mingine ya Waafrika ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya watu wakapakiwa katika malori na kupelekwa kambini. Baba alipochukuliwa, na mama aliporudishwa rizavu, mtoto alibaki kwa jirani. Jirani naye alipochukuliwa, mtoto alibaki barabarani. Kufikia mwisho wa miaka ya hamsini mji ulikuwa na watoto wengi wa namna hiyo, wakilala penye upenu na kula walichookota, na aghalabu polisi waliwakamata kwa kosa la kuzurura.

Ndipo Novemba 1959 Griffin alipofungua kituo chake, akishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Wawili hawa walikuwa wamewahi kuzuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Mzungu aliyetoka upande wa wafungaji na Waafrika wawili waliotoka upande wa wafungwa wakaanza na mabanda mawili ya mabati, yaliyotolewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. Huo ndio uliokuwa mchango wa kwanza wa Starehe: si hundi, bali mabati.

Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, wanafunzi 81 walikuwa wamepaa kwenda Marekani kwa ndege iliyokodiwa kwa michango ambayo Tom Mboya, mkazi wa Ziwani, aliizunguka nchi ile kuitafuta. Historia imeikumbuka ndege kuliko mabanda, na sishangai, maana ndege huonekana kutoka mbali. Lakini ndege iliwabeba waliokwisha kufaulu. Mabanda yaliwapokea wasiokuwa na cheti wala mlezi, na pengine wasiojua kalamu hushikwaje.

Sasa nije kwenye pesa. Griffin alijua kwamba mtoto hasomi kwa siku moja ya huruma. Mtoto husoma kwa miaka, na kila mwaka una mihula mitatu, na kila muhula una chakula, vitabu, sabuni na daktari. Kwa hiyo aliutengeneza mpango ambao mfadhili mmoja alimchukua mtoto mmoja na kumlipia mwaka baada ya mwaka, hadi amalize. Shirika la Save the Children la Uingereza lilikuwa mhimili mkubwa wa kazi hiyo, na wahisani wengi walikuwa watu wa kawaida wa ng'ambo ambao hawakupata kuikanyaga Kenya. Mwanafunzi alimwandikia mfadhili wake barua, akamweleza masomo yake. Basi mtoaji hakuwa ametoa kwa umaskini kwa jumla. Alikuwa ametoa kwa kijana mwenye jina na mwandiko. Mtu anaweza kuusahau umaskini wa Afrika akiwa mezani anakula. Ni vigumu zaidi kumsahau mvulana aliyekuandikia juzi kwamba amepata alama mbaya katika fizikia.

Shule ilipoanza kushika nafasi za mbele katika mitihani ya kitaifa, watu wenye uwezo nao wakataka watoto wao waingie. Griffin hakuwafukuza, wala hakuwauzia shule. Sehemu kubwa ya nafasi zilibaki za bure kwa wasiojiweza, na waliobaki wakalipa kwa kadiri ya uwezo wa nyumba zao. Mtoto wa waziri na mtoto wa chokoraa walivaa nguo za namna moja, wakalala katika bweni moja na kufagia ua mmoja. Nani amelipiwa na nani amejilipia halikuwa jambo la kutangazwa. Hilo ndilo ninalolistahi kuliko yote, kwa sababu ya mvulana wangu wa jukwaani. Sisi tulidhani kwamba pesa haziwezi kuchangishwa bila mhitaji kuanikwa. Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ukumbini petu, mtu alikuwa akifanya hivyo kila siku.

Na asidhani mtu kwamba nafasi ya bure ilimfanya mwanafunzi awe mnyonge wa kunyamaza. Kila juma kulikuwa na baraza, ambako mvulana yeyote aliweza kusimama na kulalamikia chakula, mwalimu au kiranja, na mkurugenzi alikaa akasikiliza. Walimu mnaosoma safu hii mnajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Aidha, waliomaliza kidato cha nne walitakiwa kwenda kutumikia umma kwa kujitolea kabla ya kuendelea na safari zao. Aliyepewa alifundishwa kutoa mapema, angali kijana, kabla hajawa na mshahara wa kuuonea uchungu.

Haya yote aliyasimamia akiwa na kazi nyingine. Mwaka 1964 Serikali ya Jomo Kenyatta ilimpa uongozi wa Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, naye akaushika hadi mwaka 1988 bila kuiacha Starehe. Sijui wangapi kati yetu wangeweza hata moja ya kazi hizo.

Lakini mpango wake ulikuwa na udhaifu, na sitauficha. Ulitegemea mno mifuko ya wageni, na ulitegemea mno mtu mmoja ambaye wageni hao walimwamini. Je, ni kwa nini mfanyakazi wa benki wa Buru Buru au mwenye duka wa Eastleigh hakuwa ndiye mfadhili wa kawaida wa mvulana wa Mathare? Si kwamba Wakenya hawatoi. Tumetoa sana, ila tumezoea kutoa palipo na kipaza sauti. Hata fedha za basari za maeneo bunge, zilizoanza kutolewa baada ya mfuko wa maendeleo kuundwa mwaka 2003, nimeziona zikigawanywa vipande vidogo ili majina yawe mengi, na hundi zikakabidhiwa mbele ya kamera. Kipande hicho humfikisha mtoto langoni. Hakimfikishi kwenye mtihani wa mwisho. Griffin angalichagua kuwachukua wachache na kuwamaliza, na kwa uchaguzi huo angalilaumiwa na kila diwani wa Eastlands.

Wasichana walingoja muda mrefu kupita kiasi. Kituo cha wasichana cha Starehe kilifunguliwa Januari 2005, miaka arobaini na mitano baada ya kile cha wavulana, na Griffin alikuwa tayari mgonjwa wa saratani. Alifariki tarehe 28 Juni mwaka huo huo, akazikwa papo hapo shuleni. Gikubu, aliyekuwa naye tangu siku ya mabati, alimfuata mwaka 2014.

Yule mvulana wangu hakurudi shuleni. Alijifunza ufundi wa bati pale Kamukunji, na ni fundi hodari. Nimempitia mara nyingi. Kazi yake kubwa ni masanduku ya wanafunzi wa bweni. Kila Januari mabanda ya Kamukunji hujaa wazazi, naye hupigilia bawaba na kupaka rangi tangu alfajiri hadi usiku. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa akimtengenezea sanduku mama mmoja aliyekuja na nusu ya bei. Alimkabidhi sanduku zima, akamwambia taratibu, ili waliokuwa wamepanga foleni wasisikie, kwamba iliyobaki ataleta akipata.